Chikanda Chini ya Chitenge

Tunduma, Alhamisi, mwezi wa saba, 2013. Upepo umeamka kabla yetu, unarusha vumbi na baridi kwa pamoja.

Beti, huna haya.

Nimeanza na wewe kwa sababu najua mwanao anakusomea humu, na kama leo hataki, mlazimishe asome kwa sauti, majirani zako wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wasikie. Wewe ni mdogo wangu wa tumbo moja. Nimekubeba mgongoni, nimekupangusa kamasi. Lakini uliyoyafanya jana wodini, angeyafanya mtu mwingine ningemvua kilemba mbele za watu. Mtu anasubiri kupasuliwa, wewe unamletea bonge la chikanda, umelifunga ndani ya chitenge, ukalificha chini ya koti kama mwizi wa kuku! Halafu ukaulizwa, unatazama dirishani!

Naacha kwanza. Herufi za simu hii ni ndogo kama ulezi.

Kwa asiyenijua, mimi ni Namwinga, bibi wa hapa Tunduma, kwetu hasa ni Ndalambo. Shule niliishia darasa la pili, mengine niliyapata kisomo cha watu wazima, na nilikuwa wa kwanza kwenye kusoma kwa sauti. Ukurasa huu alinifungulia mjukuu wangu Atu alipochoka kugombezwa kwenye simu. Alisema, "Bibi, andika humu, uwagombeze wote kwa mara moja." Nikaona kumbe mtoto ana akili.

Leo nimekaa kwenye benchi la hospitali, upande wa ndugu wa wagonjwa. Jina la hospitali silitaji, wasije wakasema bibi anawatangaza. Pembeni yangu kuna chupa ya chai iliyojaa uji wa ulezi. Uji huo hauna mtu wa kuunywa.

Mwanangu Roza yuko ndani. Wamemwingiza sasa hivi.

Roza ndiye mtoto wangu wa mwisho. Ameolewa na Jumanne, dereva wa malori, mtu wa Singida, Mwislamu mpole ambaye nilimkataa mwaka mzima, sasa namwita mwanangu. Wamekaa miaka bila mtoto. Watu wamesema yote wanayoyajua na wasiyoyajua. Mwaka huu Mungu akakumbuka. Na mimba yenyewe ikaja na mambo yake, mtoto kakaa matako chini, hataki kugeuka, na daktari akasema huyu tutamtoa kwa upasuaji, tusisubiri uchungu.

Tena niseme lingine kabla hamjalisema nyinyi. Roza ni mnene. Si mnene wa juzi kwa ajili ya mimba, ni mnene tangu msichana. Amerithi kwa mama yangu mzazi, ambaye akikaa kwenye kigoda, kigoda hakionekani. Zamani mama yangu akipita sokoni watu walisema, nyumba ile ina chakula. Sasa mwanangu akipita wanasema mengine.

Nimekaa hapa, kitu ninachokitamani ni kidogo sana, mtaniona mjinga. Natamani kumsikia Roza anatafuna.

Alipokuwa mtoto, kule shambani Ndalambo, nilikuwa nalima nikiwa nimempa mgongo, yeye nimemkalisha kwenye majani na hindi la kuchoma. Sikuwa na haja ya kugeuka kumwangalia. Nilisikia tu, kru, kru, kru. Kelele ile ikinyamaza ndipo nageuka, najua amelala au amefuata panzi. Nimelima mashamba makubwa kwa kelele ile.

Tangu jana mchana hadi leo asubuhi hakunitamkia neno.

Nieleze vizuri, msije mkaniona mbaya.

Tulikuja Jumanne jioni (siku Jumanne, si mkwe wangu, mkwe wangu lori lake liko kwenye foleni ya mpaka kule Kongo, anapiga simu kila akipata mtandao). Roza alikula chakula cha jioni, akaambiwa basi, usile tena, kesho asubuhi ni zamu yako. Sawa. Asubuhi ya jana ikafika, ikaletwa mama mmoja anatoka damu, yeye akapitishwa mbele. Haki yake. Akaletwa mwingine, mtoto amekwama. Akapitishwa. Jua likapanda. Roza yuko kitandani, midomo imekauka ina magamba kama ya samaki. Maji hajanywa. Si kwamba alikatazwa na wenye kazi. Alikatazwa na wodi! Kitanda cha kushoto kuna mama wa Isongole aliyepasuliwa wiki iliyopita, basi yeye ndiye amekuwa daktari mkuu. "Hata mate usimeze, dada. Mimi mate nilitema kwenye kopo."

Na kitanda cha kulia mwingine akacheka, akasema, "Huyu mwacheni, huyu ana akiba ya mwezi mzima mwilini. Njaa ataipata wapi?"

Wodi nzima ikacheka. Roza naye akacheka.

Ninyi mnaowacheka watu wenye miili, sikilizeni. Mkiona mnene anacheka pamoja nanyi, msidhani amefurahi. Anawalipia nauli muondoke haraka. Nilitaka kumjibu yule mwanamke, lakini Roza akanishika gauni, akanikonyeza, mama acha. Nikaacha. Nikachukua nguo nikaenda kufua, maana mimi nikikasirika lazima nisugue kitu.

Nyuma yangu ndipo Beti akaingia.

Sasa kwa wasiojua chikanda. Ni chakula chetu sisi Wanamwanga, na wenzetu wa ng'ambo Zambia nao wamekigombania mpaka mizizi yake imekuwa dhahabu. Zamani mimi na Beti tulikuwa tunaichimba wenyewe kwenye mabonde yenye maji maji, vimizizi vidogo kama kende za mbuzi, mkinisamehe. Siku hizi wachuuzi wanaitoa mbali huko Ufipa kwa magunia. Unaikausha, unaitwanga, unachanganya na unga wa karanga, chumvi, pilipili, magadi kidogo. Unasonga jikoni mpaka bega liume. Halafu unafunika, unaweka makaa juu ya mfuniko, kinakaa, kinashikana. Ukikikata ni kama nyama isiyo na mfupa. Kizito! Ukila vipande viwili asubuhi, unalima hadi jioni bila kukumbuka ugali.

Na mimba yote hii Roza alikuwa anaililia chikanda. Usiku akiota anaota chikanda. Kwetu tunajua, mjamzito akinyimwa alichokitamani, mtoto atazaliwa anadondosha mate kifuani mpaka aanze shule. Nilishampa miezi ile ya mwanzo, nilishampa ya katikati. Lakini Beti, akiwa Nakonde, akasikia kwamba mtoto wa dada yake anapasuliwa kesho na hamu bado iko mdomoni. Akasema, mate hayo siyaruhusu kwenye ukoo wetu. Akasonga, akavuka mpaka.

Mimi naingia na ndoo ya nguo, naona midomo ya Roza haina magamba tena. Inang'aa. Harufu ya karanga na magadi ninaijua hata ukinifunga macho, ukinifunga na pua. Beti amekaa ukingoni mwa kitanda, chitenge chake kimefunga kitu mapajani, ananisalimia kwa upole. Beti hajawahi kunisalimia kwa upole tangu azaliwe.

Sijafungua mdomo, akaingia Sista Eda.

Huyu ndiye mtu wa usingizi, yule anayekuchoma ganzi ama anayekulaza kabisa kabla hujapasuliwa. Mdogo wa umbo, kiatu cha raba, sauti ya chini. Akamwambia Roza zamu yake imefika, akamshika mkono kama anamsalimia, akauliza, "Tangu jana jioni umekula chochote, umekunywa chochote?"

Roza akasema, "Sijala, Sista."

Beti akatazama dirishani.

Nami nikasema. Tena nikasema kwa sauti yangu hii hii, maana Mungu hakunipa nyingine. "Amekula chikanda. Sasa hivi. Muulize huyu mdogo wangu alimletea bonge gani."

Wodi nzima ikageuza shingo. Halafu yule wa kitanda cha kulia akaanza, "Nilisema mimi, mwili ule—" sikumsubiri amalize, nikamtazama, akameza yaliyobaki.

Beti akaruka. "Awe, mayo! Hapana, mama! Chikanda si chakula, ni mizizi tu! Amelamba!"

"Kipande au bonge?" Sista Eda akauliza, hakupandisha sauti.

"Vipande."

"Vingapi?"

"Vyembamba."

"Fungua hicho chitenge, mama."

Beti akafungua. Kilichobaki kilikuwa kidogo kuliko kilichokwenda. Sista Eda akakitazama, akavuta pumzi. Akasema, "Kinanukia." Wallahi alisema hivyo. Halafu akasema, "Leo haiwezekani. Kesho asubuhi, ukiwa wa kwanza."

"Na mate je?" Beti bado hajakubali. "Mtoto akizaliwa na mate utayapangusa wewe?"

"Mama mdogo, watoto wote wana mate. Hata wangu, nami nilikula kila nilichotamani."

Roza akageukia ukutani. Akavuta blanketi hadi kichwani. Mwanamke mzima, mke wa mtu, chini ya blanketi kama mtoto aliyechapwa. Nikamgusa bega. Bega likasogea.

Beti akafunga chitenge chake. "Umenitangaza wodi nzima, dada. Na mtoto umemtangaza." Akaondoka. Sikumwita.

Sijutii. Niliandike hapa lijulikane. Ningesema tena leo, ningesema tena kesho. Kwa sababu nilimfuata Sista Eda koridoni nikamwambia, nieleze mimi, sina shule lakini nina masikio.

Akanieleza, na mimi nawaeleza ninyi kwa maneno yangu. Tumbo la mjamzito ni kama kibuyu cha togwa kilichojazwa hadi shingoni. Kizibo chake mimba imekilegeza, na mtoto anasukuma kutoka chini. Ukikisimamisha, kimya. Ukikilaza, kinavuja. Sasa mtu aliyelazwa usingizi wa dawa hawezi kukohoa, hawezi kumeza. Kilichomo tumboni kikipanda, hakina mlinzi mlangoni, kinashuka mapafuni. Na hapo mtu anaweza kwenda moja kwa moja.

"Lakini mlisema ni ganzi ya mgongo," nikamwambia.

"Ndiyo, ndiyo tutakayoanza nayo. Lakini mwenye mwili, wakati mwingine mfupa wa mgongo unajificha, sindano inakosa njia. Ikigoma tunamlaza kabisa. Na akilala, njia yake ya hewa inabanwa, kuingiza mpira kooni ni kazi zaidi kuliko kwa mwembamba. Ndiyo maana sitaki kitu kinisubiri tumboni."

Nikamuuliza lile lililokuwa linanichoma. "Kwa hiyo chakula cha mnene kinakaa tumboni zaidi? Kumbe ilitakiwa akae na njaa siku mbili?"

Akasimama. Akanitazama kama mtu anayependa kazi yake. "Hapana, mama. Nani kasema? Unene haufanyi tumbo kuwa ghala. Maji matupu yanapita upesi, ya mnene na ya mwembamba vilevile. Chakula kizito, chenye mafuta, ndicho kinakaa. Hicho nakikataa kwa kila mtu. Lakini maji alitakiwa kunywa asubuhi mapema, mpaka nitakaposema basi. Mbona hakunywa?"

Nikasema, walimwambia asimeze hata mate.

"Nani?"

"Wodi."

Akafumba macho. Akafumbua. "Angekunywa maji, pengine asingekula chikanda."

Halafu akasema neno ambalo nimelala nalo. Alisema, "Wenye miili wananidanganya zaidi ya wote, mama. Wembamba wananiambia, Sista nilijisahau nikala muhogo. Wenye miili wanasema sijala. Si waongo. Wameshachekwa kwa kila tonge, hata nikiwauliza mimi wanadhani nakuja kucheka."

Nilirudi wodini, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Nikaongea na blanketi. Nikamwambia, Roza, mimi sikukusema kwa sababu umekula. Ningefurahi ule chikanda yote ya Nakonde. Nimekusema kwa sababu ya pale kwenye kulazwa usingizi.

Blanketi likavutwa zaidi. Jumanne akapiga simu, nikaiweka karibu na kichwa chake. Yule naye akaongea peke yake huko Kongo, "Mama watoto, mama watoto, unanisikia?" mpaka salio likaisha.

Ndiyo nikajua njaa ni nini. Nimewahi kulala njaa mwaka wa ukame, tukala maembe mabichi na chumvi. Haikuwa kama hii ya kumkosa mtu uliyekaa naye kitanda kimoja, magoti yanagusana.

Nikamkosa na Beti pia. Ndiyo, nasema. Nilimchukia na nikamkosa kwa pamoja. Tulipokuwa wasichana, tukitoka kuchimba kule bondeni, miguu yangu na yake imejaa tope, tulikuwa tunabishana njia nzima nani kachimba mizizi mingi, tukifika nyumbani mama anaimwaga yote kwenye ungo mmoja, ubishi unaisha. Mpaka ulikuwepo, lakini ulikuwa wa wakubwa. Sasa yeye ana kitambulisho chake, mimi nina changu, na mtu akinuna anavuka.

Leo asubuhi. Niiandike ilivyo, isipotee.

Sista Eda alikuja mapema na mashavu yaliyopauka kwa baridi. Akaweka kikombe cha maji mezani, akasema mbele ya wodi nzima, kwa ile sauti yake ya chini lakini safari hii aliipandisha, "Roza, kunywa haya. Maji matupu, si chai ya maziwa, si uji. Mimi ndiye ninayesema. Mwingine yeyote akikuambia vingine, muulize amesomea wapi." Akamtazama yule wa Isongole. Yule akajifunika.

Nikatazama chupa yangu ya uji. Nilikuwa nimeukoroga kabla hakujakucha kwenye jiko la ndugu wa wagonjwa, kwa mazoea tu, mikono yangu haijui asubuhi bila mwiko. Sista Eda akaniona. Akasema, "Huo utunze, mama. Una wakati wake."

Nikamshikia Roza kikombe. Alitoa kichwa kwenye blanketi. Akanywa amefumba macho. Nilisikia maji yakishuka kooni, glu, glu. Mtu mwingine angesikia maji. Mimi nilisikia hindi la kuchoma.

Alipomaliza akasukuma kikombe pembeni. Kisha akanishika mkono, pale kwenye kifundo, akashikilia.

Halafu Sista Eda akauliza tena, kama jana. "Tangu jana jioni?"

Roza akamtazama usoni. Akasema, "Jana jioni nilikula wali na maharage, sahani imejaa. Nikaongeza. Baada ya hapo maji hayo tu." Akasema kwa sauti. Ile ya kuongeza aliisema kwa sauti zaidi. Yule wa kitanda cha kulia alikohoa. Hakuna aliyecheka.

"Umesema vizuri," akasema Sista Eda. "Twende."

Wakaleta kitanda cha magurudumu. Pale mlangoni, ambapo ndugu wanaishia, Roza akageuza shingo. Maneno yake ya kwanza kwangu tangu jana. Akasema, "Mama, ungeninong'oneza."

Nikasema, "Sauti yangu haijui kunong'ona."

Akatabasamu kidogo, kona moja tu. "Najua. Usiende mbali."

Mlango ukafungwa. Mlango wenyewe una kioo kilichopakwa rangi nyeupe, mtu asione. Nimeukaribia mara kadhaa nikijifanya napita.

Ndipo nikaja kwenye benchi hili nikaanza kuandika, kwa hasira, na Beti nimeanza naye ili nisianze na hofu. Hofu yangu ni moja, na sitaizungushia maneno. Kwamba sindano itagoma, watamlaza kabisa, na hataamka. Kwamba neno lake la mwisho kwangu litakuwa usiende mbali, na mimi sijaenda mbali, niko hapa hapa, halafu iwe haikusaidia kitu.

Upepo umeangusha kofia ya mlinzi, anaikimbiza uani. Watu wanacheka. Mimi natazama mlango.

Jumanne kapiga. Lori limesogea. Ameuliza, nikasema yuko ndani. Nikasikia honi za huko. Akasema, "Mama, amekunywa maji?" Nikasema amekunywa. Akasema, "Alhamdulillahi." Kumbe kiu yake ilimuuma na yeye. Huyu mtu nilimkataa mwaka mzima.

Sasa mtu akiniuliza unatamani nini, Namwinga, kati ya vitu vyote vya dunia hii ya simu na malori na maduka ya Tunduma yaliyojaa hadi barabarani? Natamani kelele moja. Kru, kru.

Naacha kuandika. Mlango umefunguka.

Narudi. Nimekaa tena benchini.

Alitoka nesi, si Sista Eda, mwingine. Akaita, "Ndugu wa Roza! Khanga!"

Ninyi mliozaa hospitali mnajua neno hilo. Hawakuombi khanga ya maiti kwa sauti ile. Nilinyanyuka nikazitoa zote, mpya na kuukuu, nikamrundikia mikononi. Akacheka, "Mama, moja inatosha, mtoto ni mmoja." Wa kike. Amezaliwa analia kwa ukali, nesi anasema kama anagombeza mtu. Nikasema hiyo ni damu yangu, mwacheni amalize.

"Na mama yake?"

"Yuko macho. Ganzi ya mgongo ilikubali, japo Sista Eda aliitafuta mpaka jasho likamtoka. Wanamshona. Anauliza kama uko karibu."

Nikasema mwambie niko mlangoni. Akasema nitamwambia. Nikasema mwambie sasa. Akaenda.

Sikulia. Macho ni upepo.

Baadaye Sista Eda akapita, kofia mkononi, nywele zimelala upande mmoja. Nikamshika mikono yote miwili. Nikamuuliza swali moja tu, nalo mnalijua. Atakula lini? Akasema aanze na maji, kisha uji wangu, mwepesi, leo hii hii. Vizito kesho, akivumilia vizuri. Nikasema vizito kama nini? Akaniangalia, akajua. Akasema, "Kama kile. Kesho. Na mimi niwekewe kipande."

Kwa hiyo wewe Beti, acha kununa. Kununa kwako nakujua, utakaa mpaka Jumapili usali umeninunia. Hatuna Jumapili. Futa machozi, toa mizizi uliyoficha kwenye debe chini ya kitanda, ndiyo, najua iko pale, utwange leo. Karanga usibanie. Pilipili weka kidogo, ananyonyesha. Kesho asubuhi vuka mpaka. Wakikuuliza pale geti umebeba nini, waambie.

Na ukifika wodini, usinifungie kitu chochote kwenye chitenge. Kiweke kwenye sahani ile nyeupe ya mama, pana, bila mfuniko, mvuke utoke. Uanzie mlangoni, upite kwa yule wa Isongole, upite kwa yule wa kitanda cha kulia, umkabidhi Roza mkononi. Kisha ukae upande huu na mimi nikae upande ule, na mtu yeyote asiongee, nataka kusikia.